Kiti Kinachotazama Nyuma

Kanyenye, Tabora
9 Januari 2024

Dada Sista Dafrosa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Chagua mwenyewe utakayoitikia kwanza, mimi zote nimeshatoa.

Anayekuandikia barua hii ndiye mtu mwenye bahati kuliko wote kuanzia hapa Kanyenye mpaka stesheni, na sijisifu, nasema kilichopo. Kila Jumapili baada ya misa ya pili natoa gari la Baba, Saab lile lile, nalipeleka polepole Gongoni, nazunguka sokoni, na vijana wa bodaboda wananipisha kama wanaopisha msafara wa harusi. Mtu akiniuliza hili ni gari gani, namjibu kwamba kiwanda chake kilishakufa, na mwenye gari la kiwanda kilichokufa ni kama mwenye jogoo wa mwisho duniani. Huyo haulizwi bei. Anaamkiwa.

Habari za nyumbani ni njema. Shangazi Nyamizi wa Usoke mzima, mwaka huu amelima tumbaku kidogo na maneno mengi. Ameniletea gunia la matobolwa. Nikamwambia, "Shangazi, mimi nimefika Lubumbashi, nimekula samaki wa Kalemie na kuku wa Bujumbura, unaniletea viazi vikavu?" Akaniambia, "Sasa huko kwenye kuku mbona ulirudi?" Nikatafuna.

Mvua zimekuja vizuri. Zile fremu tatu za maduka nilizojenga mbele ya ua zote zina watu: Magreth na saluni yake, Fikiri na simu zake, na ya tatu ni duka la nafaka. Kodi yake ndiyo inayonilisha tangu niachane na malori.

Kwenye barua ya Noeli ulisema una neno la kuniambia "kwa wakati wake." Dada, wakati wake ndio upi? Mimi ni kitinda mimba. Subira ya nyumba hii mliimaliza nyie mliotangulia, mimi nikakuta sufuria tupu.

Nakuombea, ingawa najua wewe unaniombea kwa ufundi zaidi.

Mdogo wako,
Erasmus Wenceslaus
Dereva wa kimataifa, mstaafu

---

Monasterini, milima ya Usambara
27 Januari 2024

Mdogo wangu Erasmus,

Milele amina. Na marahaba. Nimeitikia kwa mpangilio huo, usinung'unike.

Barua yako imefika ikinuka oili. Sista wa mlangoni aliishika kwa ncha za vidole, akaniuliza kama ndugu yangu ni fundi. Nikamwambia ni mwongo, lakini wa moyo mzuri. Alidhani natania, na mimi nikamwacha adhani.

Huku tu wazima. Baridi ni kali na kabichi zimefunga vizuri. Mwaka huu nimehamishiwa bustanini kwa sababu kazi ya kukanda mikate imenishinda mabega. Sista mmoja mzee ametutoka wiki iliyopita. Tulimzika palepale nyuma ya jikoni, ambako wenzake wote wamelala. Ukiwa huku hata kaburi lako unaliona mapema, unalipalilia.

Neno lenyewe ni hili: nimepewa ruhusa ya kuja nyumbani. Tangu nifunge nadhiri sijawahi kutoka. Hata Baba alipofariki niliimba misa yake nikiwa huku ndani. Nitakuja mwezi wa tano, kwa treni, na nina maombi mawili. La kwanza, unipokee stesheni na gari la Baba, kwa kuwa umesema linatembea. La pili, unipeleke Usoke kaburini kwake kwa njia ileile ya zamani, mimi nikiwa nimekaa kile kiti cha nyuma kabisa.

Bado kipo? Mara nyingine nakikumbuka kuliko ninavyokumbuka sura za watu. Magari ya wenzetu yote yalitazama mbele. Sisi wawili tuliwapa migongo Baba na Mama, tukawa tunalitazama vumbi letu wenyewe. Wewe ulikuwa unawapungia watu tuliokwisha kuwapita.

Na kile chumba changu cha uani, kuna mtu ndani? Kama hujakipangisha, usikipangishe.

Ujue kwamba Kwaresima hatuandiki barua, na zinazoingia zinawekwa mpaka Pasaka. Simu ya hapa ni ya misiba tu. Kwa hiyo ukiwa na la kunijibu, lijibu sasa.

Dada yako,
Dafrosa

---

Kanyenye, Tabora
12 Februari 2024

Dada Sista,

Shikamoo, na salamu zote za kanisa kwa jumla.

Barua yako ilinikuta mzima, ikaniacha mzima, ila katikati hapo nilitetereka kidogo kwa furaha. Chumba chako kipo. Analala humo kuku mmoja wa Magreth, lakini hana mkataba.

Sasa kuhusu Mei. Mei si mwezi mzuri sana, Dada. Watu wanavuna, stesheni inajaa magunia, na gari nalo linahitaji mafuta ya aina yake. Tutaona. Kabla ya hayo ngoja nikupe habari ambayo huko kwenye kabichi hamjaisikia.

Mwezi wa kumi nilipata mgeni, Mswidi mmoja anaitwa Larsi, mzee mrefu kama mnara wa simu. Alikuja ameinama mlangoni, akasimama uani, akaliona gari la Baba, akavua kofia. Mimi nikadhani anataka kusali. Anaongea Kiswahili cha Nzega, anayavuta maneno kama mtu anayeita ng'ombe, kwa sababu wazazi wake walikuwa wamisheni kule na yeye amekulia hapo. Alipokua akarudi kwao, akaajiriwa kiwanda cha Saab, akakaa humo mpaka kikafungwa. Yule injinia wa visima aliyemwachia Baba gari alipomaliza kazi yake huku, mwanawe ndiye aliyemwelekeza kwetu. Wana chama chao. Wanayatafuta haya magari dunia nzima, hasa yale ya mwisho mwisho kutoka kiwandani na haya yaliyobaki mojamoja kwenye nchi za watu.

Nikamuuliza kama mwanamume kwa mwanamume. "Bwana Larsi, kiwanda kimekufa, vipuri mpaka mviokoteze, mnayatunzia nini? Kwetu kitu kikifa tunazika, tunakula ubwabwa, tunarudi shambani."

Akaniambia kwamba siku ya kufungwa watu walitoka na makoti yao wakasimama nje, hakuna aliyejua aelekee wapi, ilhali kila siku walikuwa wanajua. Magari ya makumbusho yao nayo yalitaka kuuzwa, kila moja njia yake. Mji ukaingia kati, na wengine wakachangia, yakabaki pamoja.

"Erasmus," akasema, "gari lenye wadogo zake kiwandani likifa, unakwenda kununua mdogo wake. La mwisho halina mdogo. Likiondoka hilo, hakuna mwingine wa kusema sisi tulikuwa nani. Mimi nilifunga milango ya kushoto. Ndiyo kazi yangu, miaka yote. Sasa mjukuu wangu akiniuliza babu ulifanya nini duniani, nimwonyeshe nini? Nampeleka garini, nafungua, nafunga. Namwambia, sikiliza."

Basi akaenda kwenye gari la Baba, mlango wa kushoto, akafungua, akafunga. Ukalia vile unavyolia, wewe unaukumbuka, kama mtu mnene anayekaa kwenye godoro. Yule mzee akausikiliza mpaka ulipomaliza.

Mimi nikamhadithia ya kwetu. Nikamwambia babu yake babu yetu alitembea na misafara kutoka hapa Tabora mpaka pwani, na kazi yake ilikuwa ya mwisho mwisho kabisa, kufunga msafara. Baba alikuwa akisimamisha gari kwenye njia ya Usoke anatuambia, unakumbuka? Kwamba mtu wa mbele anapigiwa ngoma na kuvaa manyoya, lakini mtu wa mwisho hana mzigo mmoja, ana wake na ile yote iliyodondoshwa na waliomtangulia. Akipita yeye, nyuma hakuna wa kuokota. Larsi akanishika bega, akasema hiyo ndiyo sababu yenyewe, na kwamba chama chao kimekaa miaka kinatafuta namna ya kuisema, kumbe ilikuwa Tabora.

Unaona mdogo wako anavyofundisha Ulaya.

Alitaka nimpe gari wakalitunze kwao. Nikamkatalia. Nikamwambia gari linalotembea haliwekwi kabatini kama sahani za harusi. Akaniangalia, akauangalia ukuta, akaupima kwa mikono kutoka huku mpaka huku, sijui alikuwa anapima nini. Akaondoka anatikisa kichwa. Kila mwezi ananitumia ujumbe kuuliza kama mlango bado unalia.

Kwaresima njema. Funga, lakini usifunge mpaka ukakonda. Wanyamwezi hatupendi sista mwembamba, watu watadhani ni umaskini wa ukoo.

Erasmus

---

Kanyenye
11 Machi 2024

Dada,

Najua hii imewekwa kwenye kapu na hutaisoma mpaka Pasaka. Ndiyo maana naandika. Ni rahisi kuongea na mtu aliyelala.

Leo sina utani mwingi. Mchana niliingia garini nikakaa. Napenda kukaa humo, kuna kivuli na harufu ya Baba, ile ya tumbaku na ngozi ya viti. Nikiwa humo nasikia barabara yote ng'ambo ya ukuta. Redio ya Magreth, Fikiri anavyomdanganya mteja, muuza asali anavyopita akiita, watoto wakitoka shule. Nawatambua wote kwa sauti. Vitu vyote vinapita hatua chache kutoka hapa, mimi navisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua.

Mguu wa kulia unaniuma sana siku hizi, kwenye vidole. Jambo la ajabu. Daktari nimempigia simu, anasema ni kawaida, ameona wengi.

Nyie huko ndani mnafanyaje mchana ukiwa mrefu? Nauliza tu.

E.

---

Monasterini
4 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Kristo amefufuka. Nimesoma barua zako mbili kwa pamoja siku ya Jumatatu ya Pasaka, ya kuchekesha kwanza, kisha ile nyingine. Nimeirudia ile nyingine.

Huku tumepata mahindi mabichi na mgeni. Mgeni ni Padre Luhende, anatoka kwetu, amekuja kutuhubiria mafungo. Nikakumbuka kwamba kabla ya Kwaresima nilimwandikia nikamwomba apite Kanyenye akusalimie. Amepita. Nadhani hukuniambia.

Amenieleza hivi, nami naandika kama alivyosema. Alifika, akaona fremu tatu zimeshikana bega kwa bega barabarani, akatafuta geti, hakuliona. Binti wa saluni akampitisha kwenye upenyo wa ukutani, kanzu ikachafuka chokaa pande zote mbili. Ndani akakukuta kwenye gari, umekaa kwenye usukani, umevaa shati jeupe na tai. Gari liko juu ya matofali. Ukamsalimia kupitia dirishani, ukamwambia, "Padre, zunguka upande wa pili, panda." Naye akapanda. Mkaongea saa nzima mkiwa mmekaa hivyo, mnautazama ukuta. Anasema hajacheka vile siku nyingi. Anasema ulimpitisha Kigoma, ukamvusha mpaka Kongo, ukamwonyesha kila kona kwa mkono, na ulipofika mlimani ukabadilisha gia.

Aliposhuka ulimpungia. Hukusimama.

Erasmus, wewe ulikuwa unasimama hata mbele ya mapadre wa kwenye picha. Mama alikufundisha hivyo kwa fimbo.

Uliniuliza mchana tunafanyaje. Nitakujibu kweli. Nimeishi nyuma ya ukuta maisha yangu yote ya utu uzima, na nimeona wenzangu humu wana furaha ambayo sijaiona nje. Wao wanatunzwa. Mwingine ukuta ni uleule, saa za sala ni zilezile, chakula ni kilekile, na yeye amefungiwa. Kwa nje huwezi kuwatofautisha. Yeye mwenyewe anajua, na inamchukua muda mrefu kukiri. Kwa hiyo usinieleze kuhusu kabati na sahani. Niambie tu lile gari linatunzwa au limefungiwa. Na wewe je.

Bado nakuja mwezi wa tano.

Dafrosa

---

Kanyenye, Tabora
22 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo. Shangazi anakusalimu. Mvua zimekatika. Nafaka imepanda bei. Hizo ndizo habari.

Padre Luhende ni mtu wa Mungu lakini hajui magari. Gari kuwekwa juu ya matofali ni matunzo, linaokoa matairi. Na dereva hateremki garini kusalimia abiria, muulize mtu yeyote aliyefika Lubumbashi.

Haya, geti. Kwa kuwa umetuma mpelelezi, nitakueleza. Nilipojenga fremu niliacha nafasi ya geti, nilipima mwenyewe, pima moja na nusu, kwa mikono, kama wazee walivyopima tangu enzi za misafara. Nikamwambia fundi, pima moja na nusu, usipunguze. Nikaondoka, nilikuwa na shughuli mahali pengine wiki kadhaa. Fundi naye akapima kwa mikono yake. Dada, yule fundi ni mfupi kiasi kwamba akinyoosha mikono anafika usawa wa viwiko vyangu. Hakuniibia hata tofali moja, alipima kwa haki kabisa, pima yake. Halafu wapangaji wakaona nafasi iliyobaki ni kubwa kwa watu na ndogo kwa kitu kingine chochote, wakaomba rafu ziongezwe upande ule. Niliporudi nikakuta upenyo unaopitisha mkokoteni mmoja, na mkokoteni wenyewe uwe na adabu. Zege limekauka, watu wameshaingia, kodi imeshalipwa. Nyuma ni nyumba ya Mzee Mfaume na choo chake kipya. Kulia ni kanisa la watu. Nimejenga nyumba ya kufungia gari, bila kukusudia, kwa jasho langu.

Nimekuwa nikicheka peke yangu. Sasa cheka na wewe, imetosha.

Ila usije Mei. Njoo mwakani. Nitakuwa nimepanga mambo, nitakupokea kama unavyostahili, siyo kwa kukupitisha kwenye upenyo kama panya. Umekaa huko miaka yote hiyo, mwaka mmoja utakufanya nini? Kaa unakotunzwa. Mimi ndiye kitinda mimba, nyumba ni yangu kulinda, na sitaki mtu aje kunikagua.

Erasmus

---

Monasterini
6 Mei 2024

Mdogo wangu,

Marahaba.

Siji kukagua. Na siji likizo.

Niliomba kuachiwa nadhiri zangu. Ilichukua muda, barua zilikwenda mbali na kurudi, na sasa imekubaliwa. Mama Mkuu amelia na amenibariki, wote ni watu wema. Sababu sitakuandikia kwenye karatasi. Usiniulize, nami sikuulizi kwa nini hukusimama.

Sina mahali pengine. Sijawahi kuwa na mahali pengine. Ndiyo maana niliuliza kuhusu chumba mwezi wa kwanza, lakini wewe ulikuwa unatoka misa ya pili na bodaboda zinakupisha, nikaona aibu kukupunguzia bahati yako.

Nitashuka Tabora Jumamosi tarehe 25. Treni itafika itakapofika. Nitatembea kwa miguu mpaka Kanyenye, njia naijua. Sitakuwa na shela, nina nywele nyeupe tupu, usinipite ukidhani ni mama mwingine.

Huyo kuku anaweza kubaki.

Dafrosa

---

Kanyenye, Tabora
24 Mei 2024

Dada yangu Dafrosa,

Hii siipeleki posta, haitakuwahi. Anayekupa sasa hivi hapo stesheni ni Magreth wa saluni. Nimemwambia atafute mama mwenye nywele nyeupe anayetazama watu kama hajawahi kuona wengi. Mpe begi lako, ni mtoto mzuri. Kaa kwenye benchi usome kabla hujaja, kwa sababu nataka ujue kabla hujaona, halafu ukifika nisilazimike kusema.

Barua yako ya mwisho niliisoma nikiwa garini. Nilikaa nayo. Nimekuandikia upuuzi tangu Januari, na wewe unauliza kama kuna chumba. Mimi ninajiita mfunga msafara. Mtu wangu amedondoka njiani mbele ya macho yangu, nami nampungia.

Basi nikamwita mwenye duka la nafaka, nikamweleza. Hakukasirika, tayari amepata fremu nyingine Gongoni. Jumatatu fundi akaja, yuleyule mfupi, akaivunja ile fremu ya tatu mpaka chini. Safari hii nilimwambia alete futi kamba. Kodi yake imekwenda. Tutakula matobolwa ya Shangazi, meno tunayo.

Leo vijana wa bodaboda wameshusha gari kutoka kwenye matofali, wakalitia upepo matairi. Kesho asubuhi watalisukuma mpaka barabarani. Nimekuwa nikilifikiria hili jambo, Dada. Baba aliliingiza kwa mbele, akaachia usukani, akaingia ndani kulala, na halikugeuzwa tena. Maana yake likitoka litatoka kinyumenyume. Kile kiti chetu kitakuwa cha kwanza kuiona barabara, na kitaielekea stesheni. Utanikuta nimekaa hapo. Kwa mara ya kwanza tangu kitengenezwe kitakuwa kinamtazama mtu anayekuja.

Sitasimama kukupokea. Mguu wa kulia sina, ingawa vidole vyake bado vinaniuma. Sukari ilileta kidonda, wakaukata chini ya goti mwaka juzi, ndiyo ile shughuli ya wiki kadhaa wakati fundi anajenga. Kiti cha magurudumu ninacho, kipo kwenye nailoni yake. Sikutaka Kanyenye inione ninasukumwa, mimi niliyesukuma malori matopeni mpaka Uvinza. Kwa hiyo sijatoka nje ya ua huu tangu waliponirudisha. Misa naisikia kwa redio ya Magreth. Ukuta haukunifungia. Ulinipa sababu nzuri ya kusema.

Usoke tutakwenda, kwa basi, sijui namna ya kupanda lakini tutapanda. Gari litabaki hapa barabarani mchana, watu walione. Larsi nimemwambia aje na mjukuu wake. Mlango bado unalia.

Chumba kimepakwa chokaa. Kuku amegoma kuhama.

Na ile barua ya Januari, ya kwamba nina bahati kuliko wote, natoa gari kila Jumapili, vijana wananipisha. Nilikudanganya. Sijawahi kuliendesha gari la Baba hata siku moja.

Erasmus